Bakuli Lililorudi Tupu

Mimi majina hayanipotei. Mwanamke wa kwanza kununua achari yangu, mumewe, watoto wake, hata yule aliyefariki mchanga, wote naweza kuwataja hadi leo. Skuli nilikaa kidogo, kwa hivyo vitu vyangu naviweka kichwani. Ndiyo maana jambo hili linaniuma: siku niliyotakiwa kutaja jina moja tu, sikulitaja.

Somo yangu, mwanamke mwenzangu na msiri wangu, ni jirani yangu hapa Bofu, mlango kwa mlango, tangu tukiwa maharusi. Achari ya ndimu ni yao. Mamake, mtu wa Jomvu Kuu, ndiye aliyetufundisha sote wawili: ndimu uzipasue nne zisiachane, uzishindilie chumvi, uzianike mpaka ganda lilegee, ndipo pilipili iingie. Mimi nilikuja na mikono tu. Tukaifanya kazi uani kwangu kwa sababu jua lipo kutwa.

Mjukuu wangu amesomea kuchora nembo na matangazo. Siku moja akaja na chupa nzuri, zimebandikwa karatasi yenye sura yangu, na mtandio na miwani. Chini imeandikwa: Bibi wa Bofu.

"Na somo yangu je?" nikamuuliza.

"Bibi, mtandaoni watu hushika uso mmoja. Wakiwa wawili, wanawasahau wote."

Somo yangu alikuwa Kisauni wakati huo, bintiye kajifungua. Mjukuu akanikalisha mbele ya ungo wa ndimu, akainua simu.

"Achari hii nani alikufundisha, Bibi? Sema mamako. Watu wanapenda vitu vya kurithi."

Mamangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kutia ndimu chumvi maishani mwake. Nami nikatazama ile simu nikasema, "Mamangu." Wallahi, nilitabasamu.

Video ikaenea. Wateja wakapiga simu kutoka Bamburi, kutoka Nairobi. Nikaona raha, sitasema uongo mara ya pili.

Somo yangu aliporudi, alikuja asubuhi na bakuli langu la maua, nililokuwa nimempelekea mbaazi kabla hajasafiri. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata miaka ya dhiki alikuwa akinitilia japo ndimu mbili, japo chumvi kidogo ndani ya karatasi. Siku hiyo lilikuwa limeoshwa likang'aa. Ndani hamna kitu.

"Hodi. Nimekuja kumwamkia mamako," akasema.

"Somo, mamangu si ameshafariki? Wewe ndiye uliyemwosha."

"Ala! Mimi nilidhani yuko ndani anafundisha achari. Basi ukimwona, mwambie mamangu anamsalimu."

Akaliweka bakuli kizingitini, akaenda zake. Hakupaza sauti. Angenitukana ningejua pa kushika.

Nikamwambia mjukuu aifute ile video. "Nitaifuta kwangu, Bibi, lakini watu wameshaisambaza. Hairudi tena."

"Basi nipige nyingine."

Akanipiga, maskini, na machozi yalikuwa yakimlenga. Nikalitaja jina la somo yangu na la mamake, nikaeleza yote, ndimu na chumvi na uongo wangu. Ile ya kweli haikutazamwa na wengi. Mjukuu anasema ni ndefu. Karatasi yenye sura yangu nimemkataza kubandika, na chupa zimejaa kwenye kabati.

Kisha nikaanika ndimu peke yangu. Kazi ya watu wawili ukiifanya peke yako unasikia kisu tu. Zilipoiva nikajaza lile bakuli la maua, nikavuka kwenda kwake. Mke wa mwanawe akanipokea mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Mama amelala."

Chini ya pazia la chumbani niliona miguu yake, imesimama. Ile miguu naijua, kidole gumba kilichopinda alikipata kwa kinu changu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema kwa sauti, ifike ndani. "Usimwamshe. Mpe hii. Mwambie ni ya mamake."

Bakuli liko kwake mpaka sasa. Kila asubuhi nafagia mlangoni taratibu kuliko inavyohitajika. Halijarudi na kitu, wala halijarudi tupu.