Msalaba Shambani kwa Proscovia

Proscovia Mugeni huosha mchanga wa dhahabu katika machimbo ya Sikuda. Shambani kwake kuna vigae vya vyungu vya kale, vyenye nakshi ya kamba. Wataalamu wa mambo ya kale walipoviona, walisimika kibao: Usichimbe hapa. Upuuzi mtupu! Huku, mahali palipokatazwa ndipo penye dhahabu. Kufikia Jumapili wachimbaji walikuwa wametoboa mashimo matano.

Proscovia aling'oa kibao, akafukia mashimo, akainua tuta la udongo na kuchomeka msalaba wa mbao. Tangu hapo hakuna aliyepagusa. Wapitao huvua kofia.

Juzi mchimbaji mmoja alimwuliza ni nani amelala pale. Proscovia hakuacha kupalilia.

"Bibi zetu," akamjibu, "waliofinyanga vyungu mlivyokuja kuvunja."