Kichana cha Wadenmaki

Mama yangu alisuka vichwa vya watu kwa miaka mingi katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles, huku ugenini kwa Wazungu, na chake mwenyewe hakikukosa msuko hata wiki moja. Wenye midomo mirefu walisema, mjane gani huyo anajipamba. Kwetu, upande wa ziwa Kivu tulikotoka, mwanamke aliyefiwa na mume hunyolewa nywele katika matanga. Mama hakunyolewa kwa sababu matanga hayakuwekwa. Baba hakufa, alisema, alipelekwa. Watu wenye bunduki walikuja alfajiri kwa mitumbwi, wakachukua mbuzi, wakachukua na wanaume wa kubeba mizigo, wakavuka nao ziwa. Siku hiyo sisi watoto tulikuwa kwa bibi, ng'ambo ya kilima. Ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo nilivyokua nikijua.

Nilimchukia mama kwa jambo hilo, na sioni haya kulisema. Nilitaka kumlilia baba yangu. Shangazi zangu walipiga simu kila mwaka kuuliza matanga lini, naye akawajibu kwamba mtu aliye safarini haliliwi. Mimi nilikaa katikati, si yatima wala si mwenye baba.

Nilipoingia chuo kikuu, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilijiandikisha kusoma historia. Saluni nzima ilisikitika. Walitaka sheria, au angalau uuguzi. Mwalimu wetu wa zama za kati alianza na Wadenmaki, wale ambao dunia inawaita Waviking, nami jioni nilipofagia nywele nikawasimulia wateja niliyoyasikia. Walikuja na mashua ndefu zisizohitaji kina kirefu, wakapanda mto Escaut, wakapanda na Meuse, wakachoma nyumba za watawa kandokando ya maji. Walibeba fedha, walibeba watu wa kwenda kuuza. Walipiga kambi hata Leuven, hapo tu, safari fupi ya treni.

Wateja walifurahi mno. Hawakuwahi kusikia Wazungu wakikimbia na magodoro kichwani. Maman mmoja aliyeuza pondu, yaani kisamvu, kwenye kona ya jengo aliuliza kama wafalme hawakuwapa kitu ili waondoke. Nikasema waliwapa, fedha nyingi.

"Balilipaka?" akasema. "Bon, batarudia."

Na kweli walirudi. Saluni iliangua kicheko, kicheko cha watu ambao nao waliwahi kulipa.

Nikaendelea na habari ya watawa, jinsi walivyokimbia wakiacha kila kitu isipokuwa mifupa ya mtakatifu wao, waliyoibeba ndani ya sanduku kutoka mji hadi mji. Mikono ya mama ilisimama. Aliniuliza kama waliibeba yote. Nilipomjibu kwamba yote, alirudi kwenye msuko, na akavuta mpaka mteja akaguna.

Kwenye rafu ya saluni, nyuma ya chupa za mafuta, palikuwa na kichana cha plastiki cha rangi ya kahawia kilichong'oka meno. Hakuna kichwa kilichochanwa nacho. Nilipokuwa msichana nilikishika mara moja tu, nikala kofi mbele ya wateja. Sikuuliza nilichokosa wala sikuelezwa. Nilidhani ni uchawi wa biashara, maana wasusi nao wana mambo yao.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya kuongoza wageni katika jumba la makumbusho. Yalipoletwa maonyesho ya Wadenmaki nilimchukua mama Jumapili baada ya misa, ili aone ile historia iliyomtia aibu mtaani inanilisha. Nilikuwa najidai, ndiyo. Panga zao alizipita kama anapita nguo za watu zilizoanikwa. Mfano wa mashua aliutazama kidogo. Kisha akafika kwenye kabati dogo la kioo, akasimama.

Kilikuwa kichana cha pembe ya mnyama, kimechongwa kwa ustadi, meno yake membamba. Nikaanza maelezo yangu ya kazini, kwamba watu wale walikuwa watanashati, kwamba vichana vinapatikana kwenye makaburi yao na kwenye kambi zao, kwamba aliyechoma kanisa asubuhi yawezekana alikuwa ameanza kwa kuchana ndevu.

"Njo vile," mama akasema. Alikuwa bado anakitazama. "Kamoja ka bale ba bunduki kaliniomba peigne. Kalikuwa kadogo, miaka makumi mbili hivi. Nikakapa. Kalijichana mu kioo yetu, polepole, sawa muntu anaenda ku fête ya ndoa. Kisha kakatoka inje, kakapiga papa yako risasi."

Nilimwambia kwamba baba alipelekwa na mtumbwi.

"Habakumupeleka. Alibakia pale nyuma ya jikoni. Mi njo nilimufunika na kitenge, nikakimbia. Mulikuwa munalia, munauliza papa iko wapi. Alors nikasema amepelekwa. Kisha ikakuwa vile."

Niliketi kwenye benchi. Wageni walipita mbele yetu na visikilizio masikioni. Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, kwa sababu miaka yote nilimlaumu kwa kunizuia kulia, kumbe yeye mwenyewe hakuwa amelia. Mama alifunga vizuri kitambaa chake kichwani na kusema twende nyumbani, miguu inamuuma.

Kesho yake, Jumatatu, saluni ilikuwa imefungwa. Alinipigia simu niende. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, misuko yote ameifumua, taulo mabegani. Nywele zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua, na nyeupe chini. Alinipa mashine ya kunyolea. Kile kichana cha kahawia kilikuwa mapajani pake.

Nilinyoosha mkono nikitupe kwenye pipa. Sikuona sababu ya kutunza kitu kilichochana nywele za muuaji.

"Apana, acha," akasema, akakifunika kwa kiganja. "Ile asubuhi, papa yako njo alijichana nayo wa kwanza."

Nikawasha mashine, nikaanzia kisogoni.