Hadithi Niliyomwandikia Bibi Elinami

Sweta la shule likiloana linanuka kama beberu. Juzi mwanangu kaingia nalo hivyo, na mimi nikajikuta darasani Akheri, kidato cha pili, ukungu wa Meru umeshuka mpaka dirishani. Kidato hicho ndicho kilichonishinda, ndiyo maana nakikumbuka vizuri. Vya mbele sijui vinanukaje.

Ilikuwa wiki ya marudio. Mwalimu Anaeli, wa Kiswahili, alikuwa anatupitisha hadithi za kutisha.

"Zinataka nini?"

"Mandhari! Wahusika! Taharuki!" tukaitikia kama kwaya.

Akasema kila mtu aandike yake, aisome mbele, darasa limsahihishe sarufi.

Mimi nilikuwa mchekeshaji wa darasa, ila kubuni kulinishinda. Nikachukua nyumba ya Bibi Elinami, mjane aliyekaa chini ya mashamba ya kahawa: dirisha limezibwa kwa gunia, macho mekundu kwa moshi, anaongea peke yake akikamua ng'ombe. Jina sikuweka. Nikaongeza watoto wawili wanaoingia kuomba maji, wasitoke tena.

Nilipomaliza nikasubiri kicheko. Badala yake huko nyuma mtu akanong'ona, "Huyo si Bibi Elinami?"

Mwalimu akasema tu, "Neema, umeanza na wakati uliopita, katikati ukarukia uliopo. Kumi na nane kwa ishirini."

Nikarudi kukaa nimevimba kama chura.

Wiki iliyofuata wenzangu wakaanza kupita njia ya bondeni ili wasipite kwa Bibi. Kisha wazazi wao wakaacha kuchukua maziwa yake. Kisha asubuhi moja tukakuta migomba yake yote imefyekwa, imelala kwenye ukungu kama watu.

"Kumbe watoto wanajua mambo," mama akamwambia jirani.

Mdomo wangu, ambao haukuwahi kufungwa hata mchungaji akiomba, siku hiyo ukafungwa.

Jumamosi mchana Bibi akatokea uani kwetu, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea isale humnyimi msamaha, hata awe amekuulia ng'ombe.

"Shikamoo, Bibi." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia mama. "Mama Neema, sijui nimewakosea nini. Nazunguka nyumba kwa nyumba. Kama lipo kosa, nisameheni."

Mama akalipokea lile jani kwa ncha za vidole. "Yameisha, Bibi." Kiti hakumpa. Kumsindikiza, hakuna aliyenyanyuka.

Ningesema hapo hapo kwamba ni marudio tu, nilitunga mimi. Nikawaza fimbo ya mama, nikameza. Haikupita miezi miwili, Bibi akahamia kwa binti yake, mbali huko Terrat. Nyumba ikabaki wazi, na watoto wakasema wanasikia mtu akikamua.

Wakati ule nilijiuliza: kama hana kosa, mbona anaomba msamaha? Nikaona labda kweli ana lake. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, niliposikia wanavyofanywa vikongwe wenye macho mekundu wakishaitwa wachawi. Baada ya migomba hakujua kitafuata nini kufyekwa. Akaomba radhi ya kosa lolote, la yeyote, mradi alale salama.

Isale ile nilipaswa kuibeba mimi, nivuke mashamba mawili tu ya kahawa. Leo ningeibeba kwa miguu mpaka Terrat, ila wa kuipokea walishamzika.