Viazi Vilivyopoa

Jirani yangu wa Kingstanding, mtaa wa Birmingham, bibi wa Kiairishi, alikuwa anakufa kwa kutokula na jokofu lake limejaa. Binti yake, mfanyakazi wa ghala kule Nechells, aliniomba nimpelekee mama yake chakula cha mchana, kwa kuwa zamu zangu zilikuwa za jioni. Nikakubali mbio mbio. Kumlisha mtu kuna ugumu gani? Kiherehere changu hicho nilitoka nacho Tanga.

Siku ya kwanza nilichemsha viazi, nikatia siagi na chumvi kama apendavyo, nikapakua sahani mbili, nikaketi kumngoja. Kwetu mdogo hatii mkono kabla ya mkubwa. Mama yangu angenikata jicho hata huku Birmingham. Bibi naye akanitazama tu, mikono mapajani.

"Karibu, bibi."

"Kula wewe, mwanangu."

Nikaona haya, nikazidi kungoja. Viazi vikapoa tukitazamana kama wajinga wawili.

Tukafanyiana heshima hivyo wiki nzima, naye anazidi kukonda. Mwishowe nikamwambia binti kwamba mama yake ana kiburi. Akacheka bila raha.

"Si kiburi. Kwetu mama hali mpaka wote washibe. Anakungoja wewe."

Akanieleza pale pale mlangoni, hajavua koti la kazini. Zamani viazi, tegemeo la maskini, vilioza mashambani kote Ireland. Nafaka na siagi zikaendelea kupakiwa melini kuletwa huku Uingereza, na watu wakafia kando ya barabara wakiwa na majani midomoni. Katika ukoo wao kulikuwa na mama aliyewasogezea watoto sahani yake kila mlo, akisema, "Nimeshakula." Asubuhi moja hakuamka. Mtoto mmoja tu alisalia, na wao wametokana na huyo.

"Wazee hawakupenda kuizungumzia njaa ile," binti alisema. "Tulichorithi ni kungoja."

Nilikasirika. Njaa ya watu waliokwisha kuwa udongo inapataje nafasi katika nyumba yenye gunia la viazi?

Kesho yake nikavunja adabu zote, nikala mbele yake haraka haraka, mama yangu anisamehe. Bibi akatabasamu, akashika uma. Nikapata matumaini, tena ya kijinga. Halafu akakiona kipande nilichobakiza. Kwetu mgeni hafagii sahani, asije akaonekana mlafi.

"Unamwekea nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, bibi. Ni adabu tu."

Hakuniamini. Akaweka uma chini, akanisogezea sahani yake. "Mpelekee mtoto. Mimi nimeshakula."

Siku zilizofuata nilimaliza kila chembe, lakini nilikuwa nimechelewa. Tayari kichwani mwake kulikuwa na mtoto anayengoja nje, na kila mchana alinipa fungu lake nimpelekee. Nilinenepa mimi.

Siku yake ya mwisho, hospitalini, nilikaa na binti kando ya kitanda tangu asubuhi. Sikumwona binti akitia hata chai kinywani. Mchana muuguzi akaleta sahani ambayo bibi hangeweza kuigusa tena. Akamhurumia binti, akamwambia ale yeye.

Binti aliitazama kidogo, kisha akaisogeza mbele yangu.

"Kula wewe," akasema. "Mimi nimeshakula."