Kisu Alichochagua Unyoya

Kaka yangu ana ugonjwa wa wepesi. Sina jina jingine la kuuita. Ni mpagazi, anabeba mahema na masufuria ya wageni wanaokwenda kulala porini, na kila kilicho chake lazima akipunguze. Mswaki kaukata mpini. Kijiko kakitoboa matundu, supu ikawa inamvujia mapajani. Wenzake wakambandika jina: Unyoya. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma, maana enzi hizo nilikuwa na cha kunichekesha.

Alifanya kazi na mume wangu. Bosi wao huwapanga wawili wawili, na kila wawili lazima wawe na kisu kimoja cha kukunja, cha mfukoni. Si cha kumenyea viazi, jamani. Wapagazi hujifunga mzigo kwa kamba kifuani na kiunoni ili usiyumbe. Mtu akianguka mtoni na mzigo ukanywa maji, wa kumwokoa ni mwenzake mwenye kisu. Sheria inasema kamba zifunguliwe kabla ya kuvuka. Nani anafungua? Wageni wana haraka, na wanaume hawa wanaogopa kuitwa waoga kuliko wanavyoogopa kufa.

Siku ya kununua kisu nilikwenda nao dukani. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituwekea viwili mezani.

"Hiki kina kidude hapa," alisema. "Unakisukuma kwa dole gumba, mkono mmoja tu, kinafunguka."

Kaka akakipima kiganjani, akakunja uso. "Kizito hiki, mama. Nipe kile."

Kile kingine kilikuwa chembamba, utadhani cha karatasi. Ila hakikuwa na kidude, kilikuwa na kijishimo tu cha kuingizia ukucha. Mkono mmoja ushike mpini, mwingine uvute.

"Shemeji," mume wangu akasema, "chukua cha mkono mmoja. Huo mwingine utakuwa umenishika mimi."

"Nikushike wewe, una nini?" kaka akamjibu. "Utaogelea mwenyewe!"

Wakacheka. Kaka akalipa, akakitia mfukoni, akarukaruka mlangoni kutuonyesha kwamba hata hakihisi. Muuzaji alikirudisha kile kizito kabatini.

Safari ya mvua ndiyo iliyoniunguza. Mto waliozoea kuuvuka kwa maji ya magoti uliwafika kifuani. Mume wangu aliteleza, hema lililolowa likamvuta chini. Kaka alikuwa ameegemea mwamba. Akamdaka ukosi wa koti kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akatoa kisu.

Hakikufunguka. Alijaribu kwa meno, mawili ya mbele yakavunjika. Alijaribu kukikwangua mwambani. Kila kichwa cha mume wangu kilipotoka majini, alikuwa anaita, "Kata, shemeji! Kata!" Kaka akaona vidole vyake vinakufa ganzi. Ama aendelee kushika hadi nguvu zimwishie, ama amwachie kidogo tu, afungue kisu, amdake tena.

Akamwachia.

Kisu kilifunguka vizuri, kufumba na kufumbua. Sasa alikuwa na mikono miwili, na hapakuwa na kamba ya kukata.

Haya yote kanisimulia mwenyewe, amekaa sakafuni jikoni kwangu, damu mdomoni, viatu vina matope. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa watoto, na sijui kwa nini niliendelea kuukoroga. Mume wangu walimpata chini ya daraja, mzigo ungali mgongoni.

Ndugu wananiambia nimsamehe kaka. Nimsamehe lipi? Hakumuua, najua! Nimelia hadi macho yamekauka na bado najua. Ananiletea unga, anakuja kuziba paa likivuja, na wanangu wanamkimbilia njiani wakiita "Mjomba! Mjomba!" Namkaribisha, namwekea chakula, tunakaa. Lakini akininyooshea mkono wa kulia, salamu naitikia kwa mdomo. Ule mkono siwezi kuugusa.