Kikombe cha Ata

Harufu ya mchanga mbichi hunifikia kabla sijaona maji. Mwezi uliopita, tulipomzika mama yangu hapa Lodwar, wachimbaji walifika mahali ambapo mchanga ulikuwa baridi na mweusi, na harufu ile ikapanda. Wenzangu walikuwa wakiimba. Mimi nilikuwa nimerudi Kakuma, mtoto wa miaka saba, nimeinama juu ya shimo la maji.

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ata, yaani nyanya yangu mzaa mama, ndiye aliyenifundisha kuuchimba. Alishuka shimoni, akakwangua kwa kibuyu, kisha akatulia. Nikimhimiza alinicheka: "Ngoja, wewe! Mto haujafa, umelala." Na kweli maji yalikuja, polepole kama jasho. Mara mojamoja mto wenyewe uliamka. Mvua ilinyesha kwenye milima ya mbali tusiyoiona, kwetu jua linawaka, na ghafla tukasikia ngurumo, maji mekundu yakajaa ukingo hadi ukingo. Nilishika shuka la Ata. Nani aliyeyaita?

Ata alibatizwa uzeeni, akafa mwaka wa ukame. Tulipomaliza kupanga mawe juu yake, katekista alisema, "Mama huyu amelala tu. Bwana atamwita, naye ataamka." Watu wazima waliinamisha vichwa. Mimi sikushangaa, mambo ya kulala na kuamka niliyajua. Nilichowaza ni kiu. Aliyelala katika joto lile angeamka koo limekauka. Na kwetu mtu akipita kaburi la mzee huweka tumbaku kidogo, amwambie, "Yako hii." Tumbaku sikuwa nayo. Nilikuwa na maji.

Siku hizo kila mtoto alipimiwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Cha asubuhi nikampelekea Ata. Nilikisimamisha kati ya mawe, upande wa kichwa, nikaenda kuchunga mbuzi. Niliporudi kilikuwa kitupu. Nawaambieni ukweli, nywele zilinisimama. Nikapiga magoti nikasema, "Ata, ejok," ile salamu yetu, kisha nikasikiliza.

Ikawa hivyo siku kadhaa. Midomo yangu ikapasuka. Mama Nyibol, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyechota shimo moja nasi, akamwambia mama, "Huyu mtoto wako anakauka kama samaki wa Longech, wale wanaoanikwa kule ziwani. Humpi maji?"

"Nampa! Labda tumbo lake limetoboka," mama akajibu. Lakini kesho yake alinifuata.

Alinikuta kaburini. Hakunipiga. Alinivuta nyuma ya kichaka, tukachuchumaa. Muda si muda njiwa wawili wa porini wakatua, wakanywa, wakagombana, mpaka kikombe kikaanguka.

"Umeona, Akiru? Ni ndege."

"Nimeona, mama. Sasa yeye ataamka lini?"

Mama hakuwa amebatizwa, mambo ya kanisa aliyaita maneno ya wazee waliochoka. Nilingoja kofi. Akaokota kikombe, akakipangusa kwa shuka, akamimina humo maji ya kibuyu chake, fungu lake la siku nzima. Nusu akanipa ninywe mbele ya macho yake. Nusu akairudisha kati ya mawe.

"Lini, sijui," alisema. "Lakini asiamke akakuta hatukumngoja."

Tulifanya hivyo kila asubuhi, nusu kwa nusu, mpaka mto ulipoamka.

Miaka mingi nilidhani alitaka kunituliza tu. Nilipozaa wangu, nikapitia ukame wangu, ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu anayetoa maji yake yote ili kumtuliza mtoto. Mama alikuwa ameanza kutumaini kabla hajaamini. Ubatizo wake ulikuja baadaye sana, na mimi ndiye niliyemshika mkono.

Siku hizi nalia, sifichi. Kuna asubuhi imani yangu ni mchanga mtupu. Hapo huchukua kikombe kilekile cha bati, sasa kimebonyea, nikanywa nusu, nusu nikaisimamisha kwenye kaburi la mama. Njiwa watakuja kunywa, najua. Nachuchumaa kando, natega sikio upande wa milima.