Shahidi wa Usingizi

Ijumaa ile mimi ndiye niliyeshuhudia kwamba mama mkwe wangu alilala, na kwa ushuhuda huo nikamfungia mwanangu njia ya hospitali.

Nieleze. Mimi ni mzaliwa wa Ntimaru. Niliolewa miaka ya tisini na watu wa Kendu Bay, na hata kabla sijajua mahali pa kuteka maji nilishapewa jina: Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kusaga unga kule Suna, Migori, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi tu. Kidholuo nilikuwa bado kukijua, mama mkwe naye hakujua neno la Kikuria, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili. Chake alikiokota sokoni Migori akiuza omena, dagaa wa ziwani. Changu nilikitoa shuleni. Vyote viwili vilitosha kwa kugombana.

Mama mkwe alikuwa mwotaji. Katika kanisa lake, kila Jumapili kabla ya mahubiri, mzee mmoja wa kanzu nyeupe aliuliza ni nani aliyepewa ndoto wiki ile. Aliyepewa alisimama akaisimulia, na mzee akaifasiri. Lakini kabla ya kufasiri aliuliza swali ambalo kwetu Ntimaru sijawahi kulisikia: "Nani alilala nyumba moja naye?" Huyo ndiye aliyekuwa shahidi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusema kama mwenye ndoto alilala kweli. Walisema Yeremia aliwakemea manabii waliotunga ndoto za mioyo yao, na mtu anayetunga hulala macho wazi. Basi bila shahidi hapakuwa na ndoto.

Kwetu nilikuwa nimefundisha watoto shule ya Jumapili, na ndoto za Biblia nilizijua vizuri: miganda ya Yusufu, ngazi ya Yakobo, ng'ombe wa Farao waliokonda. Nilizifundisha kama hadithi za kuwatuliza watoto wasipigane. Kwa watu hawa zilikuwa habari za juzi. Nikikumbuka nilivyokuwa nikiwacheka moyoni, naona haya kidogo, lakini kidogo tu.

Mwanangu alikuwa na miezi minane alipopata homa. Ilianza Jumatano. Mume akiwa mbali, nilimbeba nikahamia kwa mama mkwe, maana kwa desturi yao mzazi halali katika nyumba ya mwanawe. Alhamisi usiku mama mkwe akaota. Alimwona mtoto amefungwa shuka jeupe, mtu asiyemjua anamvusha maji, na mtoto hageuki nyuma.

Hakungoja Jumapili. Mzee aliitwa nyumbani Ijumaa asubuhi, akasikiliza ndoto yote, kisha akanigeukia mimi. Je, alilala? Nikasema alilala, tena alikoroma. Nilidhani nafanya mzaha mdogo. Mzee hakucheka. Akasema shuka jeupe ni la hospitali na maji ni kifo. Mtoto asipelekwe kokote. Aombewe hapo hapo nyumbani mpaka ndoto nyingine ifungue njia.

Leo nikisimulia, vijana huniuliza kwa nini sikumbeba mtoto nikaenda zangu. Anayeuliza hivyo hajawahi kuwa mke wa mwaka mmoja na nusu katika boma la watu. Tena nilijaribu. Jumamosi mtoto alishikwa na degedege, macho yakageuka, na alipotulia alikataa ziwa. Nikamfunga mgongoni nikashika njia. Mama mkwe alinikuta langoni, amesimama katikati.

"Nyar Kuria, unaenda wapi na mtoto ya watu?"

"Homa Bay, mama. Hospitali."

"Mimi niliona hiyo barabara. Niliona penye inaishia."

"Mama, hajanyonya tangu asubuhi."

"Ukitaka kutoka, toka. Lakini mtoto ya kijana yangu utaniachia. Akikufia kwa njia, nitamwambia baba yake nini?"

Alikuwa analia. Hilo ndilo lililonishinda. Angekuwa mkali tu, ningempita. Lakini alikuwa amemshika mtoto mguu kwa nyuma, kwa vidole viwili, kama anayepima joto la uji, na machozi yanatiririka. Yeye pia alikuwa anamwokoa. Nikarudi ndani, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Usiku wa kuamkia Jumapili hakuna aliyefumba jicho. Tulikaa sisi wawili, mtoto katikati, tukimpanguza kwa kitambaa cha maji. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Katika saa zile nilijua kwamba hapa mlango unafunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, na kama Mungu hakunipa ndoto, basi ningejipa mwenyewe. Niliikata kwenye kitambaa nilichokijua, ndoto ya Yusufu mume wa Mariamu, aliyeambiwa usingizini aondoke, amchukue mtoto, akimbie. Nikaipanga neno kwa neno. Nilifikiria kila kitu isipokuwa shahidi. Kichwa cha mtu ambaye hajalala siku tatu hakina akili.

Asubuhi tulikwenda na mtoto kanisani, mahali pekee mzee alipomruhusu apelekwe, aombewe. Mabati yalikuwa yameshaanza kuchemka. Mzee alipouliza nani amepewa, nilisimama. Watu wakageuka. Mke mgeni, tena Mkuria, hakuwahi kusimama. Kwa kuwa sikujua Kidholuo, mama mkwe akasimama kando yangu kunitafsiria. Hilo pia sikuwa nimelifikiria.

"Niliona mtu amesimama mlangoni," nikasema.

Akatafsiri.

"Akaniambia, amka, umchukue mtoto."

Akanitazama, kisha akatafsiri.

"Akaniambia, mpeleke upande wa jua linakozama, kwa watu usiowajua, watampokea."

Kutoka kwetu, Homa Bay iko magharibi. Alitafsiri hilo polepole.

"Akaniambia, usingoje."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa sentensi nne, na nilikuwa nimefika mwisho. Mzee alinitazama. Akauliza, kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe, "Huyo mtu, uso wake ulikuwa namna gani?"

"Sikuona uso, baba. Nilisikia sauti tu."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali. Nilianza kupumua. Ndipo akaliuliza swali lile. "Nani alilala nyumba moja na huyu mama?"

Kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuitunga, nilikumbuka. Shahidi wangu alikuwa mtu mmoja tu duniani, na huyo ndiye aliyekaa nami usiku kucha akinipokeza kitambaa. Alijua sikusinzia. Tena alikuwa na ndoto yake mwenyewe, iliyoshuhudiwa na kufasiriwa, iliyokwisha kusema kinyume. Akisema kweli, mimi ni nabii wa uongo mbele ya kanisa zima, na mtoto atarudi kwenye mkeka ule ule. Nilimtazama. Yeye hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi na midomo imepasuka.

Mtu wa ngoma akashusha vijiti vyake chini.

Kisha mama mkwe akasema neno moja la Kidholuo, na neno lile nililijua, kwa sababu tuliambiana kila jioni juu ya mtoto.

"Nonindo." Alilala.

Mzee akasogea karibu naye. "Na ndoto yako, mama? Hizi mbili zinapigana."

"Yangu niliota na hofu, mzee," alisema, naye kwa Kiswahili, sijui ni kwa ajili ya nani. "Hata hofu inaota. Weka ya huyu mbele."

Mzee akafumba macho. Nimewasikia wahubiri wengi maishani, wengine wana shahada, lakini ufupi wa yule mzee siku ile sijausikia tena. Alisema Yusufu alipoambiwa akimbie hakungoja kupambazuke, na ndiyo maana Herode alimkosa mtoto. Akasema tuondoke saa hiyo, hata mahubiri tusisubiri. Muumini mmoja alikuwa na pikapu ya kubebea nyanya, akatoka mbio kuiwasha.

Tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, mimi na mama mkwe, mtoto mapajani mwangu. Barabara ya Homa Bay wakati huo ilikuwa mashimo matupu. Mahali fulani njiani nilifungua mdomo. Nilitaka kumshukuru, au kutubu, sijui. Akaweka kiganja chake kwenye goti langu, akabonyeza kwa nguvu.

"Usiniambie kitu," akasema.

Hospitali walimtundikia kwinini, na shuka walilomfunika lilikuwa jeupe kweli. Mama mkwe alilitazama shuka lile siku mbili nzima bila kukaa kitini. Siku ya tatu mtoto alinyonya. Siku ya sita tulirudi nyumbani, na kanisa likaimba kwa ajili yangu, Nyar Kuria aliyesemeshwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa na furaha pia, na sitadanganya kwamba aibu ilizidi furaha.

Kilichobadilika ni yeye. Jumapili iliyofuata mzee aliuliza nani amepewa, na macho ya watu yakamwendea mama mkwe kama kawaida. Akaangalia mikono yake. Jumapili ya pili vile vile. "Mama, huoti siku hizi?" mzee akamuuliza. "Sioti," akajibu. Lakini alikuwa anaota. Nilipokwenda jikoni kwake asubuhi kuchukua moto, nilimkuta amechutama akiyasimulia mafiga ndoto zake, kwa Kidholuo ambacho sasa nilianza kukielewa: maji, ng'ombe, marehemu mumewe. Akinisikia, alinyamaza.

Mwaka ukapita, na mwingine. Siku moja tukipukuchua mahindi, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia nataka kwenda kwa mzee nikaseme ukweli wa Jumapili ile.

Aliweka gunzi chini. "Mimi nilisema ulilala. Sasa unataka kunifanya mwongo mbele ya watu?"

"Lakini umeacha kusimulia, mama."

"Nitasimama na mdomo gani? Mdomo ulishuhudia usingizi penye hapakuwa usingizi?"

Akaendelea kupukuchua, nami nikabaki na gunzi langu mkononi. Nilielewa bei aliyolipa, na kwamba hakuwahi kunidai.

Mtoto alipofika umri wa kwenda shule, sare ikashonwa, akatembea mpaka langoni na begi mgongoni. Mama mkwe alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Tulikuwa sisi wawili tu. Akaniuliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imebaki.

"Ile asubuhi. Mimi nilitoka kidogo kuwasha moto. Hukusinzia? Hata kidogo?"

Nakumbuka vizuri dakika zile. Alitoka, nami nilikuwa nimekodoa macho nikihesabu pumzi za mwanangu, na sentensi nne zimeshajipanga kichwani. Sikusinzia. Nilikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Nilisinzia, mama," nikasema. "Ulipotoka. Kidogo tu."

Alivuta pumzi ndefu. "Nilijua," akasema, akaingia ndani kuosha vyombo.

Jumapili ile mzee, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, aliuliza nani amepewa. Mama mkwe wangu akasimama, akajifunga leso vizuri, akaanza kusimulia. Alipomaliza, mzee akauliza ni nani aliyelala nyumba moja naye. Mwanangu, aliyekuwa sasa akilala kwa nyanya yake kama watoto wote wa boma, akanyanyua mkono na kusema alilala, tena alikoroma.